Namna ya Kukamata Kundi la Nyuki Ukiwa Umekaa Kivulini

Ukiona kundi la nyuki limening'inia kwenye mwembe wa jirani pale Mambrui, pwani ya Kenya, usikimbilie gunia wala ngazi. Chukua mkeka, ukae mbali chini ya mkorosho, utazame. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na ngumu kuliko zote, maana kila mpita njia atakuja na shauri lake: huyu atataka wachomwe, yule wamwagiwe mafuta ya taa, na watoto wameshaokota mawe. Wazuie wote. Watoto waingie ndani, mbuzi afunguliwe kamba.

Kundi hilo limehama kwao na malkia mkongwe, limejaza asali tumboni, na halina sega wala majana wa kulinda. Ndiyo maana kwa kawaida siku ya kwanza huwa pole. Linasubiri wapelelezi wake. Hao wanakagua mashimo ya miti, na wakirudi hucheza juu ya migongo ya wenzao, ngoma inayoeleza nyumba iko upande gani na umbali gani. Karl von Frisch, aliyeifumbua ngoma hiyo kwa nyuki watafuta chakula, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Mwanafunzi wake Martin Lindauer akaonyesha kwamba ndiyo itumikayo hata kuchagua nyumba. Wapelelezi wakikubaliana, kundi zima linaruka. Basi kazi yako si kukamata mtu. Ni kuwa na nyumba ambayo wapelelezi wataichezea kwa nguvu kuliko nyingine zote.

Mzinga wa gogo unafaa. Unafaa pia ule wa mbao ulioenezwa Kenya tangu miaka ya 1970, wenye papi za juu za upana wa milimita 32, kipimo cha sega la nyuki wa Afrika. Usiupake rangi ndani. Usugue kwa nta ya zamani, kisha uponde mchaichai uliopandwa nyuma ya jikoni na kuupaka mlangoni: harufu yake inakaribiana na ile nyuki wanayoitoa wenyewe kuitana. Mlango uwe mdogo. Utundike mzinga kwa waya, na waya uupake grisi, maana sisimizi wakiwahi kuingia, nyuki hawaji. Uupe kivuli, na mlango uupe kisogo upepo wa kusi.

Sasa suala la kuweka mzinga uani kwako, na hapa naomba unisikilize sana. Nyuki wetu ni ndugu wa wale waliopelekwa Brazil kutoka Afrika, wakatoroka mwaka 1957 na kusambaa hadi Marekani. Wakishakuwa na majana, hulinda nyumba yao kwa ukali. Kwenye vichochoro vya Mambrui, nyumba zilikobanana ukuta kwa ukuta, mzinga hauna nafasi hata ukiwa na ua mzuri namna gani. Uupeleke shamba, mita 300 au zaidi kutoka kwa watu na punda, katikati ya minazi. Mnazi hutoa maua mwaka mzima. Hakuna karamu kubwa kuliko hiyo.

Na kama kundi limekaa mahali pa hatari na haliwezi kusubiriwa? Muite mrina asali mzoefu. Jioni, akiwa na wavu usoni na moshi wa makumbi, atalikung'utia kwenye sanduku. Malkia akiingia, waliobaki humfuata. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, ondoka upesi, kwa kuwa hiyo ndiyo harufu ya miiba yao ikitangaza vita. Mwiba ukikuingia, uparue haraka kwa ukucha. Anayevimba mdomo au kukosa pumzi apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri dawa ya nyumbani.

Wakishaingia mzingani, usifungue. Najua utatamani, na majirani watakuomba wachungulie. Nyuki wa Afrika wakisumbuliwa huhama nyumba nzima, na hawaagi. Simama kwa mbali ubavuni, utazame mlango. Ukiona wanarudi na chavua ya manjano miguuni, ni dalili njema kwamba majana wameanza kulishwa. Hapo unaweza kwenda kuupaka nta mzinga wa pili.