Mchi wa Kutwangia Thumu

Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba vitatu. Kimoja cha watoto, kimoja cha mama mkwe, na cha tatu tunalala watu wawili na baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyopewa upande wa ukutani, maana Baba Salma anasema ikikaa sebuleni itaibwa na ikikaa uani italowa. Usiku nikiamka kwenda msalani napiga ugoko kwenye pedeli, na cheni inaniachia mstari mweusi kwenye kanga. Huu ni mwaka wa pili. Ugoko wangu unaifahamu baiskeli hiyo kuliko mwenyewe.

Mambo yalianza kwa daktari. Alimwambia presha imepanda, afanye mazoezi, atembee. Mtu mwingine angetembea. Baba Salma alitembea wiki mbili, akaanza kukimbia, kisha kuogelea baharini alfajiri na wenzake, na jioni moja akarudi na habari za triathloni kama mtu aliyerudi na dini mpya. Unaogelea, akatueleza mezani, unatoka majini mbio unadandia baiskeli, ukishuka unakimbia, na saa haisimami hata wakati unavaa viatu. Ile ya Olimpiki, iliyoanza kuchezwa Sydney mwaka 2000, ni kuogelea kilomita moja na nusu, baiskeli 40, mbio 10. Ile ndefu, walioianza wanaume 15 huko Hawaii mwaka 1978 wakamaliza 12, ni kilomita 3.8 za maji, 180 za baiskeli, na mwisho wake marathoni nzima.

Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Wewe unapanda watatu, na mmoja yuko majini."

Hakusikia. Mwezi wa nane akaja na jambo jipya: siku tano za baiskeli katika milima ya Usambara, kiongozi yupo, gari la mizigo lipo, kula na kulala kumeshapangwa. Kundi lilikuwa la watu saba. Watano ni wa triathloni, yeye akiwemo, wa sita ni dada mmoja wa Moshi anayekimbia nusu marathoni, wa saba ni bondia mstaafu wa Temeke aliyekuwa anatafuta pumzi zake zilikopotelea. Kwenye gari kulibaki kiti kimoja cha msindikizaji, nusu bei. Mimi sijapata likizo tangu Salma azaliwe, na Salma sasa yuko darasa la sita. Nikasema nitasindikiza.

Baiskeli haipandi basi ikiwa imesimama kama abiria. Inafunguliwa, inalazwa ndani ya boksi. Usiku wa kuamkia safari sebule yetu ikawa gereji. Pedeli ya kulia ilitoka bila ugomvi. Ya kushoto, Baba Salma aliivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, spana ikateleza, ikamchuna vidole viwili na kuchora meza ya mama mkwe. Saa tatu usiku akampigia fundi baiskeli wa mtaani. Fundi alicheka kwanza.

"Mzee, ya kushoto inafunguka kinyume. Hata Phoenix ya babu yako ilikuwa hivyo. Wameifanya hivyo isije ikajifungua yenyewe ukiwa unakanyaga."

Yakafuata magurudumu. La mbele linashikiliwa na ekseli ya kuchomoa: chuma cheupe, kinene kama kidole gumba, kirefu kama kiganja, upande mmoja kina thredi na upande wa pili kishikio kidogo. Aliichomoa, akaifuta mafuta, akaiweka kwenye kisosi jikoni "isipotee". Hayo ni maneno yake, naomba yawekwe akilini. Mimi nilikuwa papo hapo jikoni, nakaanga kuku wa njiani, natwanga thumu, huku namjibu mwanangu Idi aliyetaka kujua kama milimani kuna simba. Kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kisosi.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa stendi ya Mbezi. Konda alilitazama boksi.

"Hili jeneza la nani?"

Tukalilipia nauli yake, likalazwa kwenye buti, tukaenda Chalinze, Segera, Korogwe, na mchana tukashuka Mombo. Joto la Mombo ni lile la bondeni, linakukaba koo. Lakini ukiinua macho unaona ukuta wa mlima, kijani mpaka juu, na barabara imejichora ubavuni kama uzi ulioanguka. Gari lilikuwa limeshafika na kiongozi wetu, kijana wa Kishambaa mwembamba, ambaye misuli ya miguu yake ilinifanya niwahurumie wote saba.

Wenzake wakaunga baiskeli zao. Baba Salma akafunga usukani, akafunga pedeli, kinyume kwa ya kushoto, akajisifu. Akaingiza gurudumu la mbele kwenye foko. Akapapasa boksi. Akapapasa mfuko wa shati. Akamwaga begi lake chini, kisha, bila hata kuniomba ruhusa, mkoba wangu.

"Idi huyo," akasema. "Kila kinachong'aa ni chake."

Akapiga simu nyumbani, akaweka spika ili mikono iendelee kutafuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mmefika?"

"Tumefika. Mama, kuna chuma nilikiweka kwenye kisosi jikoni. Idi amekipeleka wapi?"

"Idi kafanya nini masikini? Yuko shule."

"Chuma cheupe mama. Kina kishikio."

Kimya kidogo. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka safi kabisa. Mtandao wa Mombo siku hiyo haukuwa na kasoro.

"Aa, mchi mpya wa Mama Salma? Si upo kwenye kinu. Jana kautwangia thumu, na leo mimi nimeutwangia ya mchuzi. Mchi mzuri, ila una tundu katikati, thumu inaingia humo haitoki."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mchi wetu wa mti ulipasuka tangu Ramadhani, na mama mkwe alikuwa ameahidi kunitafutia mwingine. Nilipoona chuma kizuri kando ya kinu nikasema moyoni, mama kaleta, Mungu amzidishie.

Bondia alianza kucheka, akafuata dada wa Moshi, mwisho hata dereva. Baba Salma hakucheka. Alinitazama kama refa anayehesabu.

"Niliiweka kwenye kisosi."

"Kisosi kilikuwa kando ya kinu."

Kiongozi akaamua kesi. Mama ampelekee konda wa basi la Lushoto kifurushi kesho alfajiri, kitafika kesho mchana. Ya leo, atafute baiskeli ya kuazima. Ikapatikana Phoenix ya kijana anayebeba matenga ya nyanya, shilingi elfu kumi kwa siku, ina keria ya nondo na kengele, haina gia hata moja. Mwenyewe alikuwa muungwana, alisema kweli:

"Mzee, hii inashuka tu. Kupanda huwa naisukuma."

Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto kama 1,400, na kati yake ni kilomita thelathini na kitu. Kwa hesabu ya darasani ni wastani wa mita tatu za kupanda kwa kila mita mia, jambo la kawaida. Lakini mlima haupandwi kwa wastani. Kuelekea Soni barabara inajikunja kona juu ya kona, mkono mmoja mwamba, mkono wa pili hewa tupu, na chini kabisa unasikia maji. Wenye gia waliihamisha cheni kwenye meno makubwa ya nyuma, miguu yao ikazunguka upesi na nyepesi kama ya fundi cherehani. Mwenye Phoenix kila mzunguko ulikuwa gunia. Alikaza kona mbili. Ya tatu akashuka.

Gari lilikuwa nyuma yake, mimi dirishani. Dereva akampungia mkono apande. Akakataa: katika triathloni ukipanda gari umetoka mashindanoni. Basi tukamfuata mwendo wa harusi. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akampita, akamsalimu Kishambaa, "Onga mshi," naye akaitikia kwa kichwa tu, sauti imekwisha. Bibi akasogea dirishani kwangu.

"Baiskeli yake imeharibika?"

"Hapana bibi. Yuko likizo."

Akamtazama tena, akatikisa kichwa, akaendelea na safari yake.

Soni tulimpa chai ya tangawizi karibu na maporomoko, akanywa vikombe vitatu bila kusema neno. Lushoto tuliingia magharibi. Hapo nikaelewa kwa nini Wajerumani waliokimbia joto la pwani waliupenda mji huu mpaka wakauita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mwezi wa nane Lushoto ni baridi ya kuvaa soksi kitandani. Baba Salma, aliyepima kila gramu ya mzigo wake, hakubeba sweta. Alikula chakula cha usiku mbele ya kundi zima amevaa langu, la waridi, lenye vifungo vya maua. Sikusema kitu. Siku ile nilikuwa sina haki ya kusema kitu.

Kesho yake wenzake walienda na baiskeli, sisi tukaenda Irente kwa miguu kama watu wazima, tukatazama mashamba ya mkonge huko chini yalivyopangika kama mkeka. Mchana kifurushi kikafika. Mama mkwe alikuwa ameifunga ekseli kwa kipande cha kanga, na pembeni akaweka kilo ya tende, kashata za nazi na limau mbili. Ekseli yenyewe aliisugua kwa steelwire na majivu mpaka ikang'aa kama ya bibi harusi, asibakize tone la grisi. Lakini ndani ya tundu hakufika. Kiongozi alipoifungua kanga, watu wa mapokezi waligeuka kuangalia kama jikoni kuna pilau.

"Hii lazima isafishwe ndani na kwenye thredi," akasema. "Tupate mswaki."

Baba Salma alirudi na mswaki. Ulikuwa wangu. Nikanyamaza tena, nikahesabu tuko sare.

Siku tatu zilizobaki alipanda kwenye baiskeli yake mwenyewe, na kundi likaipa jina: Thumu. Walipita msitu wa Magamba ukungu ukiwa umekaa barabarani hata saa nne asubuhi, wakapita Lukozi kwenye magunia ya karoti na viazi yanayosubiri malori ya Dar, mpaka Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni mwa mlima utadhani kinasubiri kusukumwa, na chini yake nyika ya Mkomazi haina mwisho.

Njiani kuelekea Mtae bondia aliishiwa. Si pumzi, ni mafuta. Alikaa chini kando ya barabara, mikono inatetemeka, jasho la baridi, akasema anaona mbuzi wawili pale penye mmoja. Kiongozi alituambia tangu mwanzo kwamba mtu anayekanyaga saa nyingi anahitaji gramu 60 hadi 90 za wanga na sukari kila saa, na asingoje njaa, maana njaa ikifika amechelewa. Bondia alikuwa amengoja. Zile paketi zao za ujiuji wa bei, za kufyonza, zilikuwa kwenye begi la mtu aliyeshatangulia. Nikateremka na kashata za mama mkwe. Alikula nne, tende kiganja kizima, maji, akakaa robo saa, akainuka kama mtu aliyesikia kengele ya raundi ya mwisho. Kutoka hapo hakuna aliyenidai ekseli.

Kushuka ndiko kulikonitisha mimi. Kupanda unachoka tu, kushuka unaweza usifike. Kiongozi aliwaonya wasing'ang'anie breki mlima mzima, zitashika moto zisishike gurudumu. Bana, achia, bana, achia, ya mbele na ya nyuma pamoja, na kwenye kona upunguze kabla hujaingia, si ukiwa ndani. Baba Salma alishuka kwa adabu. Breki ya mbele ikapata moto, moto ukafika kwenye habu, habu ikaipasha ekseli, na thumu iliyobaki ndani ikaanza kunukia. Bondia alikuwa nyuma yake. Alifika chini akauliza chakula cha mchana ni saa ngapi.

Tumerudi Tabata. Baiskeli iko chumbani upande wa ukutani, ugoko wangu una alama mpya. Kwenye mlango wa friji Baba Salma amebandika orodha ya vitu 31 vya kufungasha, na cha 31 amekiandika kwa wino mwekundu: "Ekseli. Si mchi." Mama mkwe naye amenitafutia mchi wa mti, mzito, shilingi elfu tatu tu.

Basi wewe mwenye mwanariadha ndani ya nyumba, kabla hujamnunulia kofia ya baiskeli na soksi za bei mbaya, anza na huo.