Kabati la Dodoma Mjini Dar

Miaka yote niliyokaa Dodoma nilikuwa balozi wa Dar es Salaam asiyelipwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulifanyika mwaka 1973, ukalala kwenye mafaili zaidi ya miaka arobaini, na ulipoamshwa mwaka 2016 mimi nilikuwa miongoni mwa vitu vilivyobebwa na wizara, pamoja na viti na kompyuta. Nikafika, nikaanza kulalamika. Vumbi jekundu, midomo inapasuka, mwezi wa saba unalala na sweta! Kila mwenyeji aliyekuwa na uvumilivu nilimsimulia bahari, madafu na mihogo ya Coco Beach, nikianza kila sentensi na "sisi kwetu Dar", mpaka ofisini wakaniita Sisikwetu.

Basi uhamisho wa kurudi Dar ukatoka. Vyombo vikapakiwa kwenye fuso, familia tukapanda treni ya umeme, watoto wakilia kuachana na rafiki zao nami nikitabasamu dirishani hadi taya likauma.

Dalali alikuwa ameshatutumia picha. "Ipo barabarani kabisa, mzee, unashuka unaingia." Kushuka kweli tulishuka, kuingia ndiko kulikochukua muda, maana katikati kulikuwa na mfereji, banda la kuku wa kisasa na uchochoro ambao mtu mwenye begi hupita ubavuubavu. Tulipofika, tulikuta familia nyingine sebuleni ikioneshwa jipsamu na vigae hivyohivyo na dalali mwingine. Mke wangu hakusema neno. Alikaa kwenye ngazi ya mlangoni, akavua viatu, akatandika khanga na kumlaza mtoto mdogo. Wenzetu wakaamini tumeshahamia, wakaondoka. Tukalipa kodi ya miezi sita, na mwezi mmoja wa dalali juu yake, kwa kazi ngumu ya kutuonesha nyumba iliyokuwa ikioneshwa watu wawili kwa mpigo.

Kituo chetu kinaitwa Tabata Dampo. Dampo lenyewe halipo siku nyingi: wakazi waliipeleka halmashauri ya jiji mahakamani, wakashinda mwaka 1988, na hatimaye taka zikaenda kwingine. Jina likabaki. Dar haihamishi majina. Hata Sinza watu wanashuka Kwa Remmy kila siku, ingawa Remmy Ongala alifariki mwaka 2010. Hayo mimi nayajua na nayapenda. Mama mkwe, aliyeko Kondoa, hayajui. Aliposikia wajukuu zake wanaishi Dampo alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza kama fuso lililoleta vyombo lina nafasi ya kuturudisha.

Asubuhi ya kwanza nilipanda daladala ya Kariakoo, nikashika bomba na kusema kwa sauti ya kiungwana, "Habarini za asubuhi, ndugu zangu."

Kimya. Mama mmoja akakumbatia mkoba wake. Kijana wa dirishani akavaa vipokea sauti. Kutoka kiti cha nyuma mzee mmoja akasema, "Dawa ya minyoo hatutaki, tunayo." Konda, ambaye alionekana kuwa na roho nzuri, akanigonga bega: "Anko, tangaza haraka, pale mbele tunajaza."

Nimezaliwa Ilala, mimi. Lakini Dodoma ilinizoesha kusalimia watu, na tabia hiyo haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kushusha kwenye fuso.

Lakini yote hayo ni madogo ukilinganisha na kabati. Ni kabati la mbao, milango mitatu, nililotengenezewa na fundi wa Dodoma katikati ya kiangazi, na kiangazi cha kule si mchezo: kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja unaweza kuanika karatasi za siri za serikali uani bila hofu ya tone moja la mvua. Mbao zile zilikauka kwelikweli. Sisi tukazileta Dar mwezi wa nne, katikati ya masika. Chumvi ililainika kwanza. Zikafuata biskuti, kisha viatu vyangu vya ngozi vikaota manyoya ya kijani. Kabati lilitulia kama halijui kitu, likinywa unyevu taratibu, likitanuka. Jumapili usiku tukapanga nguo zangu zote za kazi ndani, tukafunga milango. Jumatatu haikufunguka.

Tulivuta. Tulisukuma. Mwanangu mkubwa alileta kijiko. Saa moja na nusu, siku ya kuripoti kwa bosi mpya, nguo pekee zilizokuwa nje ya kabati ni nilizovaa siku ya kuhama: suruali ya kitambaa na tisheti yenye picha ya Mwenge wa Uhuru kifuani. Nikazivaa. Bosi alinitazama kwa muda mrefu, uso wake ukalainika kuliko chumvi yetu. "Vijana wa siku hizi hawana uzalendo huu," akasema, na kabla sijaketi nilikuwa mjumbe wa kamati ya mapokezi ya Mwenge, sehemu ya usafi na vyoo vya muda.

Jioni nilikaa barazani na jirani, jasho likinitiririka, nikamsikia mtu akieleza jinsi upepo wa Dodoma ulivyo mtamu, nguo zinavyokauka kabla hujamaliza kuanika, zabibu zinavyouzwa barabarani. Mtu huyo alikuwa mimi. Jirani akauliza, kwa adabu zote, kwa nini basi nisirudi kwetu.

Fundi seremala alikuja Jumamosi. Akazunguka kabati, akalipiga kofi, akasema, "Hili si la huku." Akatoa randa. Kabla hajaiweka kwenye mlango akaniangalia.

"Mzee, nikishalipunguza hivi, mkilirudisha bara mbao zitasinyaa. Litaacha mwanya wa kupita paka. Mna hakika hamrudi?"

Nilikuwa nafikiri. Mke wangu akajibu kutoka jikoni.

"Fundi, piga. Na droo zote pia."