Jinsi ya Kumkalisha Bibi Mpaka Ashindwe Kuinuka

Mwongozo huu ni wa wenye haraka. Mama yako au bibi yako ana miaka sabini na kitu. Bado anaamka alfajiri, anafagia uwanja, anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu chake. Wewe unataka miaka michache ijayo awe mtu wa kuinuliwa kitandani na watu wawili. Inawezekana kabisa. Hakuna haja ya kumpa sumu wala kumtukana. Kinachotakiwa ni pesa kidogo, mapenzi mengi, na sentensi moja ya kurudia asubuhi na jioni: "Mama, kaa upumzike, umeshafanya kazi ya kutosha."

Nimechagua mtindo huu kwa sababu ushauri wa kawaida tunausikia na kuupita. Lakini simtanii mtu. Hatua zilizomo humu ukizifuata zitakufikisha, na nyingi wanaochunguza uzee wamezipima. Ukiiona nyumba yako ndani ya mwongozo huu, acha hatua hiyo leo.

Anza na kiti. Nunua kochi lenye kina, sponji laini, lile ambalo mtu akizama magoti yanakuwa juu kuliko kiuno. Kisha ondoa kila kilichokuwa karibu na ardhi: kigoda, mkeka, na kwa watu wa pwani, mbuzi ya kukunia nazi. Mbuzi ndiyo uiogope kuliko vyote. Bibi akiikalia anakuwa shubiri chache tu kutoka sakafuni, na kila akiinuka anaubeba mwili wake wote kwa mapaja. Nazi mbili kwa siku, kwa miaka hamsini, zimemjengea miguu ambayo wewe uliyekulia ofisini huna. Basi leta tui la pakiti, itupe mbuzi stoo. Kama anaswali, mhimize aswalie kwenye kiti kabla goti halijamlazimisha. Rakaa 17 za faradhi kila siku, pamoja na rukuu na sijda zake, ni kuinama na kuinuka kwingi mno kwa mtu unayetaka adhoofike.

Mwaka 2012 daktari wa Brazil, Claudio Gil Araújo, na wenzake walichapisha matokeo ya watu 2,002 wa umri wa miaka 51 hadi 80. Waliwaomba jambo dogo tu: uketi sakafuni kisha uinuke, ukijishikilia kidogo uwezavyo. Walipowafuatilia kwa miaka iliyofuata, waliokuwa wamehitaji kujitegemeza kwa goti, mkono na ubavu wa mguu ndipo wainuke walikuwa wamefariki kwa wingi kuliko walioinuka bila msaada. Kuketi sakafuni si dawa. Kuinuka kunaonyesha kwa pamoja nguvu za misuli, wepesi wa viungo na usawa wa mwili, na vitu hivyo vitatu hupotea kwa kutotumiwa.

Kupumzika kwenyewe si adui. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, hapa kwetu Tanzania, walipovalishwa vifaa vya kupima mwendo, David Raichlen na wenzake waligundua kwamba hukaa bila kazi karibu saa 10 kwa siku. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2020, na saa hizo hazipishani sana na za watu wa mijini. Tofauti ni jinsi wanavyokaa. Wao huchuchumaa na kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Kwenye kochi misuli hiyo inalala.

Ukimaliza sebule, ingia jikoni. Ajiri dada wa kazi, mpe amri moja: bibi asiguse kitu. Asipepete mchele, asichambue mchicha, asitwange hata iliki. Majirani watakusifu, watasema mtoto huyu ameshika radhi za wazazi. Hapa ndipo penye uzito wa jambo zima, maana adhabu hii tunaitoa kwa jina la heshima. Tumefundishwa kumpokea mzee mzigo, na ni adabu njema. Lakini kumpokea mtu ndoo ya lita 20 ni jambo moja, na kumpokonya ungo ni jambo lingine.

Rudi kwa Wahadza. Miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake waliwafuatilia wanawake wao wazee porini, wakakuta bibi waliokwisha kupita umri wa kuzaa wanachimba mizizi kwa bidii sawa na mabinti zao, pengine kuwazidi, na chakula hicho ndicho kilichowalisha wajukuu. Kutokana na kazi hiyo Hawkes alijenga hoja kwamba binadamu tunaishi miaka mingi baada ya uzazi kwa sababu bibi wana kazi ya kufanya. Hoja hiyo inabishaniwa mpaka leo. Kwamba wale bibi walikuwa wanachimba, hilo halina ubishi.

Na usije ukajitetea kwamba wako amechelewa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone aliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya wazee mjini Boston, Marekani, wa umri wa miaka 86 hadi 96, akawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Hawa walikuwa watu dhaifu, wenye maradhi sugu. Waliomaliza waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliacha kutumia mkongojo. Mwaka 2014 ukaja utafiti mkubwa zaidi, huko huko Marekani, wa watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89 waliokuwa hawajishughulishi. Nusu walipewa programu ya kutembea pamoja na mazoezi ya nguvu na usawa, nusu masomo ya afya tu. Baada ya miaka miwili na nusu hivi, walioshindwa kutembea mita 400 kwenye kundi la masomo walikuwa asilimia 35.5, na kwenye kundi la mazoezi asilimia 30.1. Pengo hilo ni la watu wanaojiendea wenyewe msikitini au kanisani.

Sisemi bibi wa miaka 80 apande mlima na ndoo kichwani kwa kuwa wanawe wamemtelekeza. Wapo wengi wa namna hiyo nchini, wanalea wajukuu yatima na kulima wakiwa na njaa, na hao pumziko ni haki yao. Namzungumzia yule ambaye wanawe wana uwezo, nao wanautumia uwezo huo kumfunga.

Siku akiteleza bafuni, umepata nafasi nzuri. Mwaka 1988 Mary Tinetti wa Chuo Kikuu cha Yale aliripoti kwamba kati ya watu wa miaka 75 na zaidi wanaoishi majumbani mwao, karibu theluthi moja walianguka ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo siku hiyo ina uwezekano mkubwa wa kufika. Usiulize kwa nini ameanguka. Usibadilishe ndala zilizolika, usiweke taa ya kwenda msalani usiku, usimpelekee daktari vidonge vyake vya usingizi avikague. Mkataze tu kutembea. Woga utamkalisha, kukaa kutamnyong'onyeza, unyonge utamwangusha tena.

Kwenye chakula mpe uji, mchana chai na mkate, kwa maelezo kwamba mzee hali sana. Mwaka 2013 jopo la wataalamu wa lishe ya wazee lilipendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya zinazopendekezwa kwa kijana, isipokuwa kwa wenye ugonjwa mkali wa figo. Mtu wa kilo 60 hafikishi hapo kwa uji mtupu. Dagaa, maharage, choroko, mayai na maziwa vingemfikisha, tena kwa bei ya kawaida, kwa hiyo wape watoto.

Masikio na macho yaache yafe taratibu. Akisema hasikii, pandisha sauti ya televisheni. Akijibu kisichoulizwa, cheka. Baada ya muda ataacha kuuliza, na atakaa kwenye harusi kama mgeni asiyejua lugha. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayochangia dimensia, ule ugonjwa wa kupotewa na akili na kumbukumbu, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshwa iwapo mambo hayo yangeshughulikiwa. Upungufu wa kusikia umo, na wa kuona umo. Jaribio la Marekani la mwaka 2023, la watu 977 wa miaka 70 hadi 84, lilitoa matokeo yanayotaka kusomwa kwa makini. Kwa wote kwa ujumla, vifaa vya kusaidia kusikia havikuleta tofauti katika akili kwa miaka mitatu. Kwa wale waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi tangu mwanzo, kufifia kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Mtoto wa jicho naye hutolewa kwa upasuaji mfupi, na wakati mwingine kilichoziba sikio ni nta tu.

Presha ndiyo itakayokufanyia kazi kimya kimya. Watafiti walipowapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walikuta karibu 70 kati ya 100 wana presha ya juu, na wachache sana ndio waliokuwa wameidhibiti. Sababu mojawapo tunaijua. Akimeza vidonge mwezi mmoja anajisikia vizuri, naye, au wewe unayetuma hela, anaviona havina kazi tena. Visimamishe basi, usubiri kiharusi.

Huko huko Hai, katika vijiji sita, ilikadiriwa kwamba watu 6 hivi kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Maana yake, wengi sana hawana. Ukisema "ni uzee tu" kila anaposahau, unamfungia mlango wa zahanati. Na kuna mahali ambako husemwa maneno mabaya kuliko hayo. Kanda ya Ziwa bibi wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu waliyoyapata kwenye moshi wa kuni wakiwapikia hao hao waliowaua. Hapa siwezi kuandika kwa mzaha.

Kisha mwondoe kijijini. Mlete mjini ghorofa ya nne, mbali na jumuiya yake, na wenzake wa kikoba, na jirani wa kugombana naye kuku. Kama ni babu, mtoe kwenye kijiwe cha bao. Utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu 469 wenye zaidi ya miaka 75, ukaona kwamba waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubaoni, kupiga ala za muziki na kucheza ngoma walipatwa na dimensia kwa uchache zaidi. Huenda baadhi ya wasiocheza waliacha kwa sababu akili ilikwisha kuanza kuyumba, na watafiti wenyewe walilizingatia hilo. Mimi nikimtazama babu anayehesabu kete kichwani, shimo kwa shimo, kabla hajagusa ubao, sioni faida yoyote ya kumtoa pale.

Na usimwachie uamuzi wowote. Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin waliwagawa wakazi wa nyumba moja ya wazee huko Connecticut. Kundi moja liliambiwa maisha yao ni juu yao, kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza mwenyewe. Kundi la pili lilipewa mimea, lakini wauguzi ndio waliomwagilia. Wiki chache baadaye kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi. Ulikuwa utafiti mdogo, usiutwishe mzigo mkubwa. Ila muulize bibi yako ni lini mara ya mwisho alichagua kipikwe nini.

Ukitaka uhakika, changanya hatua zote, maana na kinga hufanya kazi kwa kuchanganywa. Finland, Miia Kivipelto na wenzake waliwachukua watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa na dalili za hatari, na nusu yao wakapewa kwa miaka miwili lishe bora, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na uangalizi wa presha na moyo, vyote kwa pamoja. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha alama zao za akili zimepanda kwa asilimia 25 zaidi ya wenzao waliopewa ushauri wa kawaida.

Ipo bado wodi. Akilazwa kwa malaria au nimonia, hakikisha hashuki kitandani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya njema, wa wastani wa miaka 67, kwa siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Wako anaingia akiwa mgonjwa, kwa hiyo atapoteza upesi zaidi. Asiyetaka hilo amuulize daktari asubuhi ya kwanza: anaruhusiwa kusimama? Akiruhusiwa, ndugu wanaokuja kumwona wagawane zamu. Wakati wa chakula aketishwe, asilishwe amelala. Na akiomba kujisaidia, kabla ya kuita chombo, mmoja amvalishe viatu visivyoteleza, amshike, waende msalani pole pole.