Mimi Tapeli, kwa Hisani ya Intaneti

Tangu jana saa nne asubuhi kuna mzee mmoja Tororo, Uganda, anayewaambia watu kwamba nimekiri utapeli kwa mdomo wangu mwenyewe. Ana shahidi pia: dereva wake, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika. Nilichosema, nikiwa ofisini Busia upande wa Kenya, ni hiki: "Mzee wangu, mimi si tapeli. Pesa za ushuru haziko kwangu, ziko forodhani." Kilichofika Tororo: "Mzee wangu, mimi… tapeli. Pesa za ushuru… ziko kwangu." Kisha kimya. Akauliza, "Unasema?" Nikarudia kwa kupaza sauti, kwa ile imani yetu kwamba mishipa ya shingo ikisimama, intaneti nayo inaongeza kasi. Ikafika vilevile, ila safari hii kwa ukali.

Ofisini tuna simu nne, zote zinapita kwenye intaneti. Kijana aliyetuuzia huduma alituhakikishia, "Megabiti kumi, mkubwa! Mtaongea mpaka mchoke." Nami nimeshinda tangu jana nikichunguza sauti ya binadamu inasafirije, na kazi za watu zimelala.

Kumbe ni jambo la ajabu. Sauti inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo biti 8: kilobiti 64. Utaratibu huo unaitwa G.711, na upo tangu 1972. Halafu simu inaikata sauti vipande vya milisekunde 20, pakiti 50 kila sekunde, na kila pakiti inabandikwa anwani ya inakokwenda. Baiti 160 za maneno zinabebeshwa baiti 40 za anwani, kwa hiyo kilobiti 64 zinakuwa 80, na ukijumlisha mahitaji ya waya wa ofisini zinakaribia 90. Upo utaratibu mwingine wa kubana sauti, G.729: baiti 20 za maneno, baiti 40 za anwani. Karatasi nzito kuliko shehena! Sisi mawakala wa forodha hapo tunajiona nyumbani kabisa.

Sasa ile "si" yangu. Ukiitamka kwa haraka inachukua kama sehemu moja ya tano ya sekunde, yaani pakiti kumi. Pakiti kumi zikidondoka, mtu mwenye jina lake mpakani anageuka tapeli.

Zilidondokea wapi? Simu nne zikitumika pamoja hazifiki kilobiti 400. Megabiti kumi ni mara ishirini na tano ya hizo. Lakini megabiti kumi zile ni za kupakua. Za kupakia, ambako ndiko sauti yangu inatokea, nilipopima hazikufika hata moja. Na saa ile mpwa wangu alikuwa anapakia hati za malori, zilizoskaniwa kwa rangi, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kurasa za nyuma zisizo na neno lolote. Ruta haijui dharura. Ilizipanga hati zote foleni na kuiweka "si" yangu mkiani. Hati ikipoteza pakiti, inatumwa nyingine na hakuna anayejua. Sauti haina msamaha huo: pakiti iliyochelewa inatupwa, maana sentensi imeshapita. Dawa yake ni kuiamuru ruta itangulize sauti. Fundi ameifanya leo bila kuongeza hata kilobiti moja, na ametoza kana kwamba ameongeza.

Halafu kuna safari yenyewe. Kwenda Tororo unavuka mpaka kwa miguu, unapanda teksi, na hujamaliza karanga zako umefika. Ila seva ya huduma yetu iko Ulaya. Neno langu linashuka Mombasa, linazama baharini, linafika Ulaya, linageuza, linarudi Mombasa, linapanda tena hadi mpakani lilikotoka, ndipo lifike kwa mzee. Mwanga ndani ya nyaya hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde moja. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 20,000, basi milisekunde 100 zimeliwa na njia peke yake, wakati ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, linashauri sauti isizidi 150 kwa upande mmoja.

Simu ya mkononi nayo si kimbilio: juma lililopita yangu ilinikaribisha Uganda nikiwa nimekaa kitini Kenya. Na Mei 2024, nyaya mbili zilipokatika baharini pwani ya Afrika Kusini, nilirudia teknolojia iliyozaliwa hapahapa mpakani: bodaboda.

Kuna jambo lisilonichekesha, lakini. Uganda haina bahari, na nyaya zinazoiunganisha na Mombasa zinapita mipaka hii yetu, Busia na Malaba. Mtaro ulichimbwa mbele ya ofisi yangu nikautazama, nikala vumbi lake. Nikiomba kuunganishwa naambiwa eneo langu "halijafikiwa". Na huko ng'ambo, Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na wenzake. Mwaka 2021 ikaifuta kodi hiyo, ikaweka asilimia 12 kwenye data. Maana yake, kama mzee alipokea kwa data, alilipa kodi ili anisikie nikikiri utapeli.

Wenye kuuza intaneti, andikeni kasi ya kupakia kwenye bango, kwa herufi kubwa zilezile za kupakua. Nawe mwenye ofisi ya simu tatu nne, kabla hujalipa, pima kupakia saa ya kazi, watu wote wakiwa mezani. Kila simu inataka kilobiti 100 za kwenda na 100 za kurudi, basi.