Waraka kwa Papa Mwenye Land Rover, na Wenzake Wote

Papa mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka garajini Ndosho, mjini Goma. Sisi ni wazima, na gari lako sasa ni zima kuliko ulivyolileta. Barua hii naiacha wazi wengine waisome, kwa sababu wewe si wa kwanza. Kila mara anafika hapa mzee mwingine na gari la zamani, sanduku jipya kwapani, na amri ile ile: "Fundi, toa kabureta, weka hii." Heshima ninayokupa leo naomba muigawane wote.

Kwanza nikupongeze. Majirani wamehamia Toyota, wewe bado unalinda Land Rover Series III ya esansi, injini ya sentimita za ujazo 2,286. Unapenda kuwaambia wateja wangu kwamba gari lako ni ndugu wa Lily, ile Land Rover ya Dian Fossey, mtafiti wa sokwe. Historia yake tunaijua. Mwezi wa 7 mwaka 1967 askari walimteremsha Fossey kutoka Kabara, mlimani Mikeno, wakamzuia Rumangabo. Akawashawishi wamsindikize hadi Kisoro, Uganda, kwa kisingizio kwamba gari lazima likasajiliwe huko, na huko akawaponyoka. Nimejaribu kulifikiria gari lako katika kazi hiyo, jinsi lilivyokuwa mwezi uliopita. Askari wangechoka kulisukuma kabla ya kuona mpaka.

Sasa tuje kwenye sanduku. Ndani mlikuwa na kabureta ya umbo la Weber 34 ICH, ambayo kweli wengi duniani huifunga kwenye injini hii badala ya Zenith ya asili. Uchaguzi si mbaya. Kilichonishangaza ni ung'avu wake na maandishi ya "Bologna" ubavuni. Edoardo Weber alianzisha kazi yake Bologna mwaka 1923, ni kweli. Lakini kiwanda hicho kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na utengenezaji ukahamia Hispania. Kwa hiyo ama muuzaji wako aliitunza kabureta yako kabatini zaidi ya miaka 30 bila kushika hata vumbi, jambo ambalo mjini Goma ni muujiza, ama kuna mtu mwenye muhuri mzuri na dhamiri nyepesi. Mimi ni fundi tu. Hukumu nakuachia wewe uliyesoma.

Ulisema Zenith imezeeka, inakunywa esansi na kutoa moshi mweusi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, ila sikutaka kukukatiza. Nilipoifungua nilikuta ugonjwa unaojulikana wa Zenith 36 IV: uso wa kifuniko umepinda kidogo, na pete ndogo ya mpira iliyo ndani imekauka, hivyo esansi inapita isikotakiwa. Dawa yake ni kipande cha kioo, msasa laini, pete mpya na subira. Hivyo vitatu vya kwanza vinapatikana mtaani Birere kwa bei ya sahani ya chakula. Cha nne hakiuzwi, ndiyo maana watu hununua kabureta.

Tena kabureta haikuwa peke yake kwenye kosa. Platine za delko zilikuwa zimeachana kama wanandoa waliogombana, ilhali kitabu cha gari kinataka nafasi kati ya milimita 0.35 na 0.40. Cheche ikiwa dhaifu, esansi haiungui vizuri, bujie zinakuwa nyeusi, na lawama anatupiwa kabureta aliyenyamaza. Vijana wa moto, yaani pikipiki, hapa barabara ya Sake, ambao baadhi yao hawana hata moto yao wenyewe, husimamisha kazi na kufungua kikombe cha kabureta waone uchafu umetoka wapi kabla ya kutoa hata franka moja. Wewe una shahada.

Hata hivyo amri yako niliitii, Weber nikaifunga. Uliniambia pia kwamba kazi ni "kufunga tu", kwa kuwa uliona kwenye video. Aliyeko kwenye video hakuonyesha kitako cha kufungia kabureta kilichopinda, kinachovuta hewa pembeni mpaka ralanti inapanda na kushuka yenyewe. Tulikisawazisha, tukaweka gasketi mpya, tukainyunyizia maji viungoni injini ikizunguka ili tusikie kama sauti itabadilika. Hakuonyesha vyuma vya pedali ambavyo havifikiani na mkono wa Weber: lazima vikatwe na kupimwa, ili ukikanyaga hadi chini mlango wa kabureta ufunguke wote, na ukiachia, resori iurudishe wote. Kosa la hapo halileti moshi, linaleta msiba.

Halafu kuna jambo ambalo muuzaji hakuweza kulitia sandukuni, nalo ni mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika saba. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani, hapa inamwaga esansi nyingi kwa hewa kidogo. Wewe ulitaka jigleri, tundu la kupitisha esansi, ipanuliwe kwa sindano, gari lipate nguvu ya kupanda kutoka Sake kwenda Masisi. Papa, nguvu iliyopungua iliondoka na hewa. Ukiongeza esansi unaongeza moshi. Namba ya jigleri ni mia za milimita: 145 ni tundu la milimita 1.45. Sindano haijui namba hizo. Tumeweka jigleri ndogo zaidi, na bujie sasa zina rangi ya kahawia, si ya makaa.

Uliomba pia tutupe kile chungu cha zamani cha kusafishia hewa, chenye oili chini, tuweke filtre ndogo ya kung'aa. Hapa nilikaidi amri yako, nisamehe. Mtaa wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano. Vumbi lake, pamoja na majivu ya Nyiragongo na Nyamulagira, lina chembe za kioo zinazosaga silinda polepole bila kupiga kelele. Chungu kimebaki, nimekitengenezea kiungo. Hakipendezi kwenye picha, najua.

Kuhusu esansi ya vidumu, sina ugomvi na kadhafi wetu wanaoiuza. Nao wanatafuta maisha. Ila maji ni mazito kuliko esansi, hukaa chini ya kikombe cha kabureta na kungoja siku una wageni garini. Nimeweka filtre ya kuonekana kwa macho. Iangalie. Haihitaji shahada.

Mwisho ni hesabu. Muuzaji wa sanduku ulimlipa dola zake papo hapo, hata risiti hukuomba. Mimi nilipotaja bei ya mkono uliketi, ukaagiza chai, ukaanza kunikumbusha kwamba sisi ni ndugu. Undugu naukubali kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo nimeandika bei ya ndugu: ile ile.

Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi, upige ufunguo mwenyewe. Gari lisipowaka, usilipe. Zenith yako iko chini ya kiti, imesuguliwa na ina pete mpya. Siku "Bologna" itakapokuchosha, itarudi mahali pake bila wewe kununua kitu. Kazi hiyo sikuiandika kwenye hesabu. Ichukue kama zawadi, au kama somo, upendavyo.

Wako mwenye heshima,
Mekanisiye wa Ndosho