Mtoto Akisema "Goed" Mnacheka Nini?

Mxiuuu! Nasonya na sifichi. Watu wazima na ndevu zenu mnamcheka mtoto wa kidato cha kwanza kisa kasema "I goed"? Kapita na daftari lake, mmoja wenu kamwambia hebu tumwagie ung'eng'e kidogo, kajitahidi mtoto wa watu, kijiwe kizima kikaangua kicheko. Limenikera, na nitasema.

Yule hakukosa akili. Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kaingia sekondari kakuta karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Kaambiwa jambo likishapita, bandika "-ed" mwishoni: "cook" ikawa "cooked", "walk" ikawa "walked". Na "go" kaifanya vilevile. Kashika kanuni, kaitumia! Wazungu wenyewe, watoto wao waliozaliwa na lugha hiyo, husema "goed" na "eated" kabla hawajaanza shule. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, alichapisha utafiti ambamo aliwapa watoto wadogo vitenzi vya kubuni, kimojawapo "gling". Leo mtu anafanya "gling", jana alifanyaje? Wengi wakajibu "glinged". Na hao mngewacheka, jamani?

Na huo ukaidi wa "go" una historia. Kiingereza cha kale kilizoea kugeuza irabu katikati ya kitenzi: "sing, sang, sung", "drive, drove, driven". Baadaye vitenzi vingi vikahamia kwenye "-ed". Biblia ya King James, ya 1611, bado ina "holpen". Leo watu wanasema "helped" na maisha yanaendelea. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard walichapisha hesabu yao katika jarida la Nature: walianza na vitenzi vikaidi, yaani visivyofuata "-ed", 177 vya Kiingereza cha kale, wakakuta 98 tu ndivyo vikaidi mpaka leo. Kitenzi kisichosemwa mara kwa mara, umbo lake la zamani linasahaulika, kizazi kipya kinakibandika "-ed". Kinachosemwa kutwa kucha hakisahauliki. Ndiyo maana "be", "have", "do", "go", "say", "see", "take", "get" vyote vina vichwa vigumu. Na hiyo "went" mnayoiringia asili yake si "go" kabisa, ni ya kitenzi kingine, "wend". Sasa mtoto wa huku kwetu Kibiti angeifikia vipi kwa kufikiri? Haifikiriki, inasikiwa! Mtoto wa London anaisikia tangu akinyonya. Wetu anaisikia darasani, kipindi kikiisha imekwisha.

Halafu kuna hili la nyakati. Mtoto anaandika "I have seen him yesterday", anapigwa kalamu nyekundu bila neno. Kwetu "nimemwona jana" husemwa na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinakataa: ukitaja siku iliyokwisha pita, "have" inaondoka, unasema "I saw him yesterday", usipoitaja, "I have seen him" inakaa vizuri. Dakika mbili za kumweleza. Mbona hawaelezwi? Wanaachwa wakariri, wakikosea, fimbo.

Na hiyo chati ya vitenzi wanayoikariri ukutani imepangwa kwa alfabeti! Inaanza na "arise, arose, arisen". Nani kati yenu ameitumia "arisen" mwaka huu? Darasa zima linaimba hiyo, na "said" iko huko chini karibu na sakafu, mtoto amechoka kabla hajaifikia. Ipangeni upya: juu kabisa "was, had, did, went, said, saw, took, got". Na isiishie kuimbwa. Mwalimu awasomee hadithi fupi kwa sauti, kila siku, mtu alikwenda sokoni, akaona, akachukua, akasema, mpaka "went" iwatoke bila kuitafuta. "Arise" itasubiri kidato cha tatu.