Zimebaki Siku 3

Jumatatu, 30 Juni 2025. Area 25, Lilongwe.
Kwaya ya kule Dzaleka, kambi ya wakimbizi, imepata tovuti. Nimeijenga mwenyewe kwa programu ya Jekyll, mezani, kati ya sahani ya nsima na chupa ya chai. Onyesho ni tarehe 6 Julai, saa mbili na nusu asubuhi. Kwenye kiolezo nikapanga siku, mwezi, mwaka. Kumbe m ndogo ni mwezi na M kubwa ni dakika, nami nilibonyeza kubwa. Ukurasa ukatoka na 06/30/2025. Hiyo 30 ni ile nusu saa.

Mwezi wa 30 haupo, kila mtu anajua. Lakini Mama mmoja wa sauti ya kwanza amejaza fomu za kwenda Marekani miaka mingi, na huko mwezi hutangulia siku. Isitoshe, leo ni sikukuu ya uhuru wa Kongo. Alifika kanisani amevaa kitenge kipya, akakuta mbuzi wawili. Akanipigia simu.

"Mwanangu, wenzangu wako wapi?"

Nikamweleza habari ya M kubwa. Akanipa pole.

Jumanne, 1 Julai.
Sikukuu ya uhuru wa Burundi na Rwanda. Nimeirekebisha M. Kisha nikataka jina la mwezi badala ya namba, likatoka kwa Kiingereza, na Jekyll haijui lugha nyingine. Nikaorodhesha miezi yetu 12, Januari hadi Desemba, nikaiagiza mashine ichukue wa 7. Ikachukua Agosti. Orodha ya mashine huanza na sifuri, na sifuri ndiyo Januari. Rafiki yangu Mrundi akapiga kunialika wali wa sikukuu. Nikamjibu bado niko Agosti.

Jumatano, 2 Julai.
Mzee Mwenyekiti wa kwaya anataka saa zisomeke Kiswahili. Tofauti ni saa sita, yaani sekunde 21,600. Nikazitoa, 08:30 ikawa 2:30. Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wakaisoma bila taabu. Mwenye pikapu ya kubeba spika ni Mmalawi.

"Achimwene, hiyo ni mchana," akasema, akaiandika kiganjani kwa kalamu ya wino.

Nikamweleza kwamba sisi tunahesabu kuanzia alfajiri. Akaitikia, "Eya." Kiganja hakukifuta.

Alhamisi, 3 Julai.
Tangazo la mazoezi nililipa muda wa saa mbili asubuhi. Saa mbili ikafika, tangazo halikuonekana. Jekyll huficha lolote ambalo muda wake haujafika, na kwa hesabu yake haukuwa umefika. Kosa ni langu: kwenye mipangilio niliandika Africa/Lilongwe. Orodha ya kanda za saa ina Blantyre, lakini mji mkuu haumo. Mashine haikulalamika. Ilihamia kimyakimya kwenye saa za UTC, saa mbili nyuma ya Malawi. Nilipoijenga tovuti upya saa nne, tangazo likajitokeza, mazoezi yamekwisha.

Nimeweka Africa/Blantyre. Kwenye orodha hiyo, Blantyre na Lubumbashi zote zimeelekezwa kwenye saa ya Maputo. Nikamsimulia Mzee, ambaye kwao ni Lubumbashi. Akanyamaza kidogo.

"Njia yote ile," akasema, "na saa ni ileile."

Jioni nikaongeza juu ya ukurasa: "Zimebaki siku 3." Hesabu inafanywa na kiolezo chenyewe. Nimefurahi.

Ijumaa, 4 Julai.
Kesho usiku kuna mkesha, na maombi ni saa saba usiku, yaani Jumapili 01:00. Jana jioni mashine ilipotoa zile saa sita ikarudi hadi Jumamosi, ikaandika Jumamosi saa 7 usiku. Nikamwomba Mzee radhi, nikamwahidi kurekebisha.

"Urekebishe nini? Jua halijachomoza, huo ni usiku wa Jumamosi."

Nimeliacha. Ndilo kosa langu pekee lililosifiwa wiki hii.

Jumamosi, 5 Julai.
Ukurasa bado unasema zimebaki siku 3. Tovuti tuli huhesabu siku pale tu inapojengwa. Baada ya hapo ni chapati iliyokwisha kuepuliwa. Inabidi niijenge upya kila siku. Umeme umekatika tangu asubuhi. Laptopu ilikuwa na chaji ya asilimia 4, nikaizima nisiimalize. Imekataa kuwaka.

Jumapili, 6 Julai. Dzaleka.
Leo Malawi imetimiza miaka 61 ya uhuru, na mabasi madogo yanayopita Kanengo kuelekea Dowa yalijaa hadi mlangoni. Nilifika wimbo wa tatu. Kwaya ilianza saa mbili na nusu kamili, bila spika.

Pikapu ilifika saa nane na nusu mchana, tukirudisha mabenchi. Dereva alinionyesha kiganja. Wino ulikuwa bado unasomeka.

Mama wa Jumatatu aliimba akiwa na kitenge kilekile. Tulipokuwa tunaagana akachukua simu ya mjukuu wake, akaifungua tovuti, akasoma taratibu akifuata maneno kwa kidole. Kisha akahesabu kwa vidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Jumatano nitawahi."